Nafundisha wapagazi Kiingereza hapa Moshi, wapi mtandaoni nitapata vya kusikiliza visivyomaliza bando?

Madam_Pasua

Habari za jioni wakuu, poleni na mvua huko mliko. Nimekwama na jambo naomba mnisaidie kwa moyo maana sio langu peke yangu.

Mimi ni mwalimu kwa kusomea, Kiingereza na Historia, chuo nimemaliza miaka 2 iliyopita ajira bado nasubiri, nakaa Moshi mitaa ya Pasua. Mwezi wa tatu mwishoni kaka mmoja jirani yetu ambaye ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro alikuja nyumbani akaniambia madamu mvua ndo hizo zimeanza, kazi za maana mpaka mwezi wa sita huko, sisi tupo tu kijiweni, kwanini usitufundishe Kiingereza. Nikakubali nikijua watakuja watatu au wanne, siku ya kwanza wakaja 14. Kanisa la jirani walituazima chumba cha sandeskuli, tunakaa saa 11 jioni mpaka saa 1, Jumatatu Jumatano na Ijumaa. Ada hakuna, wanachanga hela ya chaki na umeme tu.

Wengi wameishia la saba, wawili wana fomu foo, na kuna dada mmoja wa miaka 38 anabeba mzigo sawa na wanaume na ndo anaongoza kwa kuuliza maswali. Sio kwamba hawajui kitu. Maneno ya mlimani wanayo, "washi washi" ya maji ya moto asubuhi wanayo, "tea ready" wanayo, "daypack" ya begi dogo la mgeni wanayo. Shida mgeni akiongea sentensi nzima kwa kasi yake wamepotea, wanatabasamu na kusema yes yes. Na wote wanataka kitu kimoja, watoke kwenye kubeba waingie kwenye uongozaji, na bila Kiingereza hapo hupiti.

Sasa mimi nilianza vile nilivyosomea, kama nafundisha fomu wani, yaani tensi. Wiki ya kwanza present simple, ya pili present continuous, naandika ubaoni wanakopi. Wiki ya tatu wakabaki 9. Mtu ametoka shambani au amebeba zege kutwa unampa mazoezi ya kujaza nafasi zilizo wazi, kwakweli niliona macho yanavyofunga nikajua hapa nawapoteza watu.

Nikaingia mtandaoni. Vitu ni vingi mpaka nikachoka, karatasi za mazoezi kama zote lakini picha zake mtu anasubiri treni ya chini ya ardhi au yuko supamaketi anatafuta maziwa ya soya, wanafunzi wangu hayo hayawahusu. Na mimi naona shida yao kubwa ni SIKIO, sio daftari. Kwahiyo naombeni wenye uzoefu, ni wapi naweza kupata sauti za Kiingereza za watu wazima, zilizopangwa kwa ngazi, ambazo naweza kudaunilodi mara moja nikawapa wote, maana kati ya hao 9 wenye simu ya tachi ni 5 na bando ni la kuungaunga. Na kama kuna mtu ameshafundisha watu wazima anielekeze na namna ya kuzitumia, nisije nikawawekea spika wakasikiliza kama kwaya.

Asanteni sana.

---

Mlemosho

Madamu shikamoo kwa kazi unayofanya, hata kama ni mdogo wangu nakuamkia. Mimi ni mwongozaji nipo Arusha, Sakina, nilianza kama mpagazi kwahiyo hao watu wako nawajua hata kama siwajui majina.

Nikwambie kitu kimoja kilichonitokea nikiwa bado msaidizi. Tulikuwa kambini Shira, mama mmoja Muingereza alikuwa hali vizuri chakula, nikamuuliza are you okay, akanijibu "I'm a bit under the weather". Mimi nikasikia weather, nikajua anaulizia hali ya hewa, nikamjibu kwa furaha kabisa tomorrow the weather is good. Akanyamaza. Usiku wa manane ndo tunaitwa anatapika na kichwa kinapasuka. Tulimshusha akapona, mwongozaji mkuu ndo akanieleza kwamba yule mama alikuambia anaumwa. Nililala na hilo neno wiki nzima. Wazungu hasa Waingereza hawasemi "I am sick" kirahisi, anakwambia "not great", "a bit rough", "I've been better", na wewe kama sikio lako linajua sick na fine peke yake utamuua mtu.

Kwahiyo umelenga penyewe, ni sikio.

Mimi kilichonisaidia ni BBC Learning English, kipindi chao cha 6 Minute English. Ni dakika 6 kweli, watangazaji wawili wanaongea mada moja, wanauliza swali mwanzoni jibu linakuja mwishoni, katikati wanafafanua maneno 6. Ni bure, unapakua sauti na maandishi yake yote ya waliyosema. Video acha, chukua sauti tu, moja haizidi sana MB 6 kwahiyo hata bando la buku unapata za kutosha. Ila nikuonye, hicho sio cha anayeanza kabisa, mimi nilikuwa nasikiliza kimoja mara 10, 15. Nilikuwa naviweka kwenye simu naweka na hedifoni sikio moja nikiwa nashuka na mzigo toka Mweka, sikio jingine nawasikia wenzangu. Nyimbo nilizipenda lakini nyimbo hazikunipa leseni.

Mtu atakwambia mlimani sikuizi kuna intaneti, ni kweli mwaka 2022 waliweka pale Horombo mita 3,720, nimeitumia. Lakini wapagazi wako hawapiti wote njia ya Marangu, na hata aliyeko Horombo jioni ameshabeba kilo 20 tangu asubuhi hana muda wa kusubiri kitu kifunguke. Kila kitu kipakuliwe Moshi mjini.

Na kingine, usihangaike kutafuta mtandaoni somo la "Kiingereza cha mlima", tengeneza wewe. Sisi tunatumia maswali ya kupima ugonjwa wa mwinuko, yale ya Lake Louise, ni vitu vinne tu: kichwa, tumbo yaani hamu ya kula na kichefuchefu na kutapika, uchovu, na kizunguzungu, kila kimoja mgeni anajipa sifuri mpaka tatu. Hilo ni somo zima la lugha. Anayejua kuuliza hayo manne na KUELEWA majibu kwa namna kumi tofauti za kujibu, huyo ameshaanza kuwa mwongozaji kabla ya cheti.

---

Mwl_Tengeru

Madam Pasua habari za kazi mwanangu. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 26, na tangu nistaafu nafundisha watu wazima wa mahotelini na mashamba ya maua huku kwetu. Ngoja niongee taratibu maana umeuliza swali zuri.

Mlemosho amekupa kitu kizuri lakini kwa hao wa la saba anza chini ya hapo. Kuna masomo ya VOA Learning English, Wamarekani hao, mimi nimekua na redio yao. Walianza tangu mwaka 1959 wakikiita Special English, wanasoma polepole kuliko mtangazaji wa kawaida, sentensi fupi, na msamiati wao wa msingi ni kama maneno 1,500. Kuna kozi yao ya Let's Learn English, ngazi ya kwanza ina masomo 52, binti anaitwa Anna anahamia Washington anaanza maisha, majirani, kazi, kuuliza njia. Ni mji sawa, lakini mazungumzo ni ya watu wazima na ni mafupi. Na jambo zuri kwako, vile walivyoandaa wenyewe ni mali ya umma, unaruhusiwa kukopi na kugawa bila wasiwasi, mimi ninavyo kwenye flashi.

Kingine ni News in Levels, habari ileile moja imeandikwa na kusomwa kwa ngazi tatu, ya kwanza rahisi kabisa ya tatu ya kawaida. Hiyo inafaa darasa lenye mchanganyiko kama lako, la saba wanachukua ya kwanza, wa fomu foo ya pili, alafu mnajadili kitu kimoja. Breaking News English nayo inafanana na hiyo, ila yenyewe ina na sauti za kasi tofautitofauti pamoja na mazoezi ya kuprinti.

Sasa namna ya kutumia, hapa ndipo wengi wanaharibu. Jiulize kwanza kwanini hawasikii maneno wanayoyajua. Sisi Waswahili kila silabi ina haki yake, ka-ri-bu-ni, zote zinasikika, na mkazo karibu siku zote unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakina huo utaratibu, kinakazia silabi moja kinameza zilizobaki. Mwanafunzi amejifunza "vegetable" akiisoma ve-ge-ta-bo, mgeni anasema kitu kama vejtbl, basi anaona hilo ni neno jipya. "Comfortable" hivyohivyo. Na maneno madogo ndo yanamezwa kabisa, "do you want to" inakuwa kitu kimoja kama juwona. Hakuna daftari litakalomfundisha hilo, lazima asikie, akosee, asikie tena.

Chukua kipande cha dakika mbili, sio zaidi. Mara ya kwanza wasikilize bila maandishi yoyote, waulize kwa Kiswahili tu hawa wanaoongea ni wangapi, wako wapi, wamefurahi au wamekasirika. Kila mtu ana jibu hapo hata asiyejua kitu na anapata moyo. Mara ya pili waandike neno lolote walilolidaka, spelling yoyote, hata wakiandika kama Kiswahili. Wakusanye maneno ubaoni. Ya tatu unasimamisha simamisha, mnajaza kilicho katikati. Ndipo unawapa maandishi, na utaona mshangao, aah kumbe alisema hivyo, neno hili mbona nalijua. Huo mshangao ndio somo lenyewe, usiukimbie. Mwisho waongee pamoja na sauti, wakiifuata kama kivuli, wakiiga hata pumzi. Dakika mbili za sauti zinakula saa nzima, kwahiyo kwa wiki unahitaji vipande vitatu, sio mia.

Sarufi usiitupe. Ilete pale inapohitajika. Mlemosho ametaja maswali ya afya, basi hapo ndo mahali pa "did you", maana watasema "did you slept well", "did you drank water", badala ya sleep na drink, wote tunaanzia hapo. Na "he" na "she", kwetu ni "yeye" tu kwahiyo sikio na ulimi havijazoea kuchagua, ukiwa na mgeni mwanamke anaumwa na unaripoti kwa redio kwamba "he is vomiting" watu wa chini wanajiandaa kwa mtu mwingine.

---

chalii_wa_Ngara

Oya madamu heshima kwako. Mi sio mwalimu mi ni fundi simu hapa Ngaramtoni ila Kiingereza nimejifunzia kwenye simu hii hii kwahiyo nina la kusema.

Kwanza apu za michezo zile za kugusa neno upate pointi, mi nilikaa nayo moja siku 200 na ushee bila kukosa, pointi ninazo, siku mzungu amekuja dukani kubadilisha kioo nikashindwa kumwambia asubiri nusu saa. Nilijua kusoma, kuongea hapana. Sisemi mbaya, kwa msamiati ziko poa, mtu akae nayo kwenye daladala dakika 10, lakini isiwe ndo darasa.

Vitu vilivyonitoa ni hivi. Kuna saiti inaitwa YouGlish, unaandika neno au kifungu kama "under the weather" wenyewe wanakuletea vipande vya YouTube mahali watu wanalitamka kweli kwenye mazungumzo, unachagua Marekani au Uingereza au Australia, unabofya kinachofuata kinachofuata, ndani ya dakika 5 umelisikia kwa watu 20 tofauti, ila hii inataka bando. Kamusi ya Cambridge au Oxford ya wanafunzi mtandaoni, ina spika mbili pembeni ya neno, ya Uingereza na ya Marekani. Ukiwa YouTube yenyewe punguza spidi iwe 0.75, sauti haiharibiki sana na maneno yanaachana.

Alafu hao wenye kusoma kwa shida usiwaache. Kuna African Storybook, ni ya huku Afrika, hadithi fupi fupi za picha na nyingi utakuta ileile ipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, leseni yake inaruhusu uprinti ugawe. Najua zimeandikwa kwa ajili ya watoto lakini mambo ni ya kwetu, mbuzi, shamba, soko, bibi, sio maziwa ya soya. Yule dada yako wa miaka 38 kama ana mtoto nyumbani anamsomea mtoto, wote wawili wanasoma, hakuna aibu.

Na wageni sio Waingereza na Wamarekani tu jamani! Wajerumani, Waholanzi, Wachina, Wahispania wanakuja kila siku na Kiingereza chao kina rafudhi zake. Tafuta ELLLO, ni maktaba ya kusikiliza, watu wa nchi kibao wanaongea maongezi mafupi ya kawaida na maandishi yapo. Mjapani anaongea na Mbrazili, yaani wote wamejifunza ukubwani kama sisi, ukisikiliza hao unapata nguvu kwamba kumbe naye anakosea na anaeleweka.

Ushauri wa kifundi, wasio na simu ya tachi wanunue zile redio ndogo za kichina za kuchomeka memori kadi, nyingi zina na tochi, mlimani zinafaa. We lete kadi zao zote mi nakuwekea mafaili bure, hata kama ni kutuma na kosta ya Moshi.

---

Mgumu_Kibosho

Mi nimo kwenye hao 9 wa madamu. Nimeambiwa kuna maongezi huku nikaona niingie.

Wakubwa asanteni sana. Ila niseme kitu ambacho darasani sijasema. Wale 5 walioacha hawakuacha kwa sababu ya tensi peke yake, ni aibu. Kule mlimani ukijaribu kuongea Kiingereza mbele ya wenzako wanakucheka, wanakwambia we unajifanya mwongozaji, beba mzigo huo. Kwahiyo mtu hata akijua neno analimeza. Miaka 7 napanda, nimefika kambi ya Barafu sijui mara ngapi, na maongezi yangu marefu na mgeni hayajawahi kupita dakika moja, sio kwamba sitaki.

Mwaka jana mgeni mmoja mzee, Mjerumani nadhani, alikaa pembeni yangu Lava Tower, tukiwa tumepumzika, akaniuliza kuhusu familia. Nilielewa neno "children" nikaonyesha vidole vitatu. Akaniuliza tena kitu kirefu nikasema yes. Akanitazama kwa huruma akanishika bega. Mpaka leo sijui aliniuliza nini, na nilikuwa na mengi ya kumwambia kuhusu wanangu.

Kwahiyo madamu mimi ningependa tuwe na somo la maongezi ya kawaida pia, sio ugonjwa na maji ya moto tu. Na tuongee sauti ya juu wote pamoja kabla ya mmoja mmoja, hapo aibu inapungua.

---

Mwl_Tengeru

Mgumu wa Kibosho, umesema kitu ambacho walimu tunapaswa kukisikia. Ndiyo maana nikasema waongee pamoja na sauti, mtu akiwa ndani ya sauti za wengi hakuna anayemcheka. Alafu nendeni wawili wawili. Mmoja mgeni mmoja mwongozaji, wapeane migongo ili wasionane mikono na uso, maana mkionana mtaongea kwa vidole. Baada ya hapo ndipo mmoja mmoja, tena kwa anayetaka.

Na mjirekodi. Kila simu ina kinasa sauti. Mtu anajirekodi peke yake nyumbani dakika moja anaeleza watoto wake, anajisikiliza, anarekodi tena. Usimtumie mtu kama hutaki. Baada ya mwezi sikiliza ile ya kwanza.

---

Madam_Pasua

Jamani nimesoma yote nimerudia mara mbili. Mgumu kaka yangu nisamehe sikujua, nilidhani watu wamechoka tu.

Nimejaribu Jumatano ileile. Nilichukua somo la kwanza la yule Anna wa VOA, kipande kama dakika moja na nusu, nikafanya kama mwalimu wa Tengeru alivyosema. Kusikiliza mara ya kwanza nikawauliza wako wapi, dada yetu akasema wako mlangoni kwenye jengo, nikamuuliza umejuaje, akasema nimesikia mlango na sauti zao zinajirudia kama ndani ya geti la hoteli. Hakuwa amedaka hata neno moja lakini alisikiliza kuliko mtu yeyote. Mara ya pili akaandika "apatimenti". Tukaishia saa 1 na robo hakuna aliyeangalia saa.

Ijumaa nikaweka mlima. Nilirekodi mwenyewe sentensi za Mlemosho, "I'm a bit under the weather", "not great", "I've been better", nikawaambia mgeni kasema hivi, je kichwa, tumbo, uchovu au kizunguzungu, na ana namba ngapi. Wakabishana kwelikweli, mmoja anasema hiyo ni moja mwingine anasema mzungu akisema not great hiyo ni mbili. Na tatizo likajitokeza hapo hapo, sauti ni yangu. Wanaizoea sauti yangu na Kiingereza changu cha Kitanzania, nikiongea mimi wanaelewa wote.

Mlemosho kaka, naomba nikuombe kitu kama hutajali. Wewe unakutana na wageni. Unaweza ukawaomba wawili watatu wanirekodie sentensi chache kwa sauti zao? Hata mmoja kila safari.

---

Mlemosho

Hilo nalifanya madamu. Nina safari moja mwisho wa mwezi hata kama ni mvua, watu wanne, wawili Waskoti. Nitawaomba siku ya kushuka, tukiwa geti wameshapumzika na wana furaha, sio juu mtu anapigania pumzi. Nitawaeleza ni ya nini, asiyetaka basi. Niandikie sentensi unazotaka lakini nitawaambia waseme kwa namna yao, wasisome, maana mtu akisoma anaongea kama redio.

Na Mgumu, hilo la watoto nalo nitawaomba. Nitawaambia wakuulize kuhusu familia yako kama vile umekaa nao pale Lava Tower, waache nafasi kidogo kwenye rekodi ili wewe ujibu. Skotilandi wanaongea kwa kubana kweli, usikate tamaa ukisikia mara ya kwanza, mimi mwenyewe bado nawaomba warudie. Na kuomba warudie sio aibu, jifunzeni hiyo sentensi kabla ya zote, "sorry, could you say that again slowly". Miaka yote ile nilikuwa nasema yes ningeisema hiyo, yule mama asingetapika peke yake hemani.

---

chalii_wa_Ngara

Madamu zile kadi vipi? Wiki hii nina mtu anakuja Moshi Alhamisi anaweza kuzichukua. Nitapanga mafolda kwa namba, 01 ya Anna, 02 habari za ngazi, 03 ELLLO, 04 za BBC kwa wa fomu foo, na 05 naacha wazi ya wageni wa Mlemosho. Majina ya mafaili nayaandika kwa Kiswahili yakianza na namba, ili kwenye redio isiyo na kioo mtu ahesabu tu kwa kubofya mbele.

---

Madam_Pasua

Alhamisi sawa kabisa, nazikusanya Jumatano darasani. Zimepatikana 7, wawili wanashea moja. Na jana wawili kati ya wale walioacha wameonekana wamesimama dirishani wanasikiliza, nikawaambia viti vipo.

---

Mgumu_Kibosho

Madamu mimi kadi yangu ni ya GB 2 tu na nusu ina nyimbo za kwaya za mke wangu, itatosha kweli?

---

chalii_wa_Ngara

Inatosha mkuu, sauti zote hizo hazifiki nusu GB. Nyimbo za shemeji sizigusi.